Ndege wa Mida Wanatazamwa na Nani?

Nimezaliwa Malindi, na kutoka mlangoni petu hadi Mida ni mwendo usiotimia saa moja kwa matatu. Hata hivyo nimefikia umri wa kuitwa babu kabla sijatia mguu katika kisiwa cha Kirepwe. Nakiri jambo hili mbele ya wasomaji nikiwa na soni, kwani katika miaka hiyo yote nimetunga mashairi chungu nzima yenye bahari ndani yake. Lakini bahari ya mashairi yangu ilikuwa ya mawimbi, matanga na machozi ya mpenzi aliyeachwa pwani. Ndege hakuwamo. Kaa hakuwamo. Mkoko, ukitajwa, ulikuwa wa kuezekea nyumba.

Aliyenitoa ndani ni mjukuu wangu wa miaka tisa. Alirudi kutoka shule akiwa na picha ya ndege mweupe mwenye mabawa meusi, akaniuliza, "Babu, mwalimu amesema hawa wako Mida. Wewe umewaona?" Sikuwa na la kumjibu isipokuwa kumwambia akanawe mikono ale.

Basi asubuhi moja ya kaskazi, mwezi ukiwa kumi na tano na bamvua limeshika, nikapanda gari mapema, nikapita Gede, nikateremka Mida. Hapo nilikuwa nimepatana na mzee mmoja Mbajuni, mvuvi tangu utoto wake, ambaye amepita miaka sabini lakini mkono wake kwenye pondo bado ni mkono wa kijana. Mimi namwita ami, naye ananiita mwanangu, ijapokuwa ndevu zangu ni nyeupe kushinda zake. Wa tatu wetu mtumbwini alikuwa kijana wa Kigiriama ambaye kazi yake ni kuwaongoza wageni pale Mida. Ilikuwa saa mbili, na maji yalikwisha anza kutoka.

Hori la Mida ni mkono wa bahari unaoingia nchi kavu kwa mlango mmoja tu, baina ya Watamu na Uyombo, kisha ukatanuka ndani kama kiganja. Eneo lake ni kama kilomita mraba 30 na kitu. Hakuna mto unaomwaga humo; maji matamu yanayofika hupenya chini kwa chini katika mawe ya matumbawe. Bahari ikijaa, hori zima ni ziwa. Ikikupwa, maji hukimbia kana kwamba yameitwa, na nyuma yake hubaki mchanga na tope, maili kwa maili, vyote vikitembea; maana ukitazama vizuri utaona kwamba tope lenyewe ni kaa.

Ami aliitaja miti kama mtu atajaye majirani zake. Huu mkoko, huu mkandaa, ule muia, ule mchu, kule nje mlilana, na huko nchi kavu zaidi mkomafi. Alinionjesha jani la mchu, nikakuta ulimi umekolea chumvi: mti ule hunywa maji ya bahari na kuitoa chumvi kwa majani yake. Akanionyesha tunda la mkoko, refu kama mkuki, akanieleza kwamba mtoto wa mkoko huota akingali mgongoni kwa mama yake, kisha akadondoka akiwa mti tayari na kujichoma topeni. Nimesoma nahau na sarafu za Kiarabu tangu utotoni, nimefasiri kasida, na nilikuwa sijui kwamba mkoko huzaa hivyo. Nilichokijua mimi ni fito, pau, mazio, boriti na nguzo, yaani mkoko uliokwisha kufa na kupangwa kwa unene wake. Hata biashara ile ya kupeleka boriti Uarabuni Serikali ya Kenya iliipiga marufuku mwaka 1982. Sisi tukabaki na majina ya magogo.

Kirepwe tulifika maji yakiwa yamekwisha kuwa haba, tukaushusha mguu. Si kisiwa kikubwa, wala si kigeni katika vitabu. James Kirkman, yule aliyechimba Gede, alikichimba hiki pia, akachapisha habari zake mwaka 1952 kwa jina la Kilepwa. Mna magofu ya watu wa kale, Waswahili kama sisi, waliokaa humo wakila samaki wa hori hili na kununua vyombo vya China. Nilisimama kwenye mawe yao nikajiuliza wao waliwaitaje ndege hawa.

Kwa maana ndege walikuwa wamefika. Yangeyange wamesimama kama mawe ya chokaa. Membe. Vijindege vidogo vya rangi ya tope, mamia kwa mamia, ambavyo kijana wetu alisema vingine huzaliwa Siberia, kule Urusi, ambako ardhi imeganda barafu, na huruka mpaka hapa kuja kuota jua. Halafu mbali kidogo, kundi limejipanga kwenye mchanga kama safu ya sala, nikamwona yule wa kwenye picha: mweupe, mgongo na mabawa yana weusi, miguu mirefu ya kijivu, mdomo mnene mweusi kama koleo. Chakula chake ni kaa, kiumbe ambaye sisi wa madhehebu ya Shafi tumemwachia yeye.

Habari za ndege huyu zilinishika mpaka leo. Hazaliwi kwetu. Huzaliwa kwenye fukwe za Oman, za Ghuba na za Bahari ya Shamu, na hajengi tundu mtini bali huchimba shimo mchangani, akataga yai moja tu jeupe ndani yake, na joto la mchanga ule wa Uarabuni likamsaidia kuliangua. Wakishamaliza kulea, huanza kuteremka kusini, na kuanzia kama mwezi wa Agosti huonekana Mida, wakakaa msimu wote wa kaskazi. Ikikaribia masika hurudi kwao.

Msomaji wa pwani hana haja ya kuelezwa hiyo ni safari ya nani. Ni safari ya babu zetu. Ni njia ile ile ya majahazi ya Suri na Maskati, yaliyokuja na tende na mazulia yakarudi na boriti. Majahazi yamekoma; leo ukisimama forodhani Malindi kungoja jahazi la Suri utazeeka hapo. Ndege hajakoma. Kila mwaka anakuja, bila nahodha, na hakuna mtu pwani hii anayekwenda kumlaki.

Nilimwuliza ami jina lake. Alisimama, akaweka mkono juu ya macho, akanyamaza kwa muda. "Baba alikuwa na jina lake," akasema. "Akilitaja kila siku. Mimi limenitoka, mwanangu." Nikamgeukia yule kijana. Yeye alilijua jina la Kiingereza, na alilijua la Kilatini pia, akayataja yote mawili bila kusitasita, kwa kuwa ndiyo mtihani wake. La Kiswahili hakulijua; hakuna aliyepata kumwuliza.

Hapo ndipo nilipoona kwamba jambo hili si mchezo. Katika mtumbwi mmoja tulikuwa watu watatu wa Kilifi: mzee aliyelisahau jina, kijana ambaye hakupewa, na mshairi wa Kiswahili ambaye hajui kama lilikuwako. Lugha haifi kwa kukosa kamusi. Hufa namna hii, jina moja moja, siku mtu wa mwisho anayelijua anapowekwa kaburini na sisi tukarudi nyumbani tukanywa kahawa.

Adhuhuri ilitukuta kisiwani. Ami na mimi tukatawadha kwa maji ya bahari, tukasimama mchangani kuelekea kaskazini, maana kwa sisi wa Malindi na Kilifi kibla ni kaskazini karibu sawasawa. Yule kijana, ambaye ni Mkristo, alikwenda kando akatungoja kwa adabu. Na mbele yetu, upande ule ule wa kibla, ndiko walikotoka ndege. Nilisali nikiwa na fikira ambayo huenda haikunipasa katika sala, Mola anisamehe: kwamba Kitabu kinatuamrisha tutembee katika ardhi tutazame namna alivyoanzisha kuumba, na kwamba mimi, niliyehitimu juzuu thelathini kabla sijabaleghe, aya hiyo nimeisoma pengine mara elfu moja nikiwa nimekaa kitako.

Sura zetu zina majina ya Ng'ombe, Nyuki, Sisimizi, Buibui na Ndovu. Tumeambiwa kwamba ndege wanaoruka kwa mbawa mbili nao ni umati kama sisi. Wala sizungumzi na watu wasiosoma. Nazungumza na watu wa Malindi, Mambrui, Takaungu na Watamu, ambako kila mtaa una chuo na kila chuo kina watoto wanaoweza kuzisoma sura hizo kwa ghibu. Mtoto wa Watamu anaisoma Surat An-Naml kwa tajwidi safi, na sange wa msitu wa Arabuko-Sokoke, yule mwenye makalio ya rangi ya dhahabu ambaye watu huvuka bahari kuja kumwona, yuko mwendo wa kitambo kidogo kutoka chuoni, na mtoto hajapata kumwona.

Kuna watakaosema: mzee huyu ameshiba. Kutazama ndege ni kazi ya Wazungu, wana pesa na wana nafasi. Sisi tuna ada za shule na bei ya unga. Hoja hii siidharau, na nusu yake ni kweli. Lakini nataka niulize kitu. Harusini tunakwenda siku tatu. Jioni nzima tunakaa barazani tukipiga domo. Hitimani tunapanda gari mpaka Lamu. Nafasi tunayo. Tusichokuwa nacho ni dhana kwamba mambo haya ni yetu, na dhana hiyo haikupotea yenyewe.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa nikitembea pwani, kwenye mchanga ambao ni wa umma, nikasimama mbele ya hoteli moja kutazama membe. Askari akanijia akaniuliza namtafuta nani. Nikamwambia natazama ndege. Alinitazama kofia na kanzu, akacheka, akasema, "Mzee, sema kweli, unauza nini?" Simlaumu. Katika maisha yake hakuwahi kumwona mtu wa kanzu aliyesimama pale kwa ajili ya ndege.

Na ami ana yake. Mwaka 1968, alipokuwa kijana ndiyo kwanza anaota ndevu, Serikali ilitangaza hifadhi za bahari za Malindi na Watamu, za kwanza nchini Kenya. Kwenye miamba ya ndani ya hifadhi uvuvi ukakatazwa kabisa. Mida ikawekwa katika sehemu ambamo zana za kienyeji zimeruhusiwa. Leo ami mwenyewe anakubali kwamba lau si katazo lile, pono na changu wangekuwa hadithi. "Miamba ile ni nyumba ya uzazi," alisema, "samaki wakizaliwa pale huku nje tunavua sisi." Lakini akaongeza: "Hakuna mtu aliyekuja msikitini kutwambia. Tuliona boya. Kisha tukaona wageni wanaangalia samaki ambao jana walikuwa kitoweo chetu. Tangu siku hiyo nikasema, yaliyomo humu ni ya wenye boya."

Maneno hayo yana uzito kuliko makala yangu yote. Mtu akikatazwa kitu bila kuelezwa, hujifunza kutokitazama. Aliyejifunza kutokitazama hamfundishi mwanawe jina lake.

Wengine wamekwisha kuamka. Pale Mida pana daraja la mbao lililoning'inizwa juu ya mikoko, lenye urefu wa mita mia mbili na zaidi, ambalo mtu hulipa kiingilio apite mpaka kwenye kibanda cha kutazamia ndege, na mapato yake yamesomesha watoto wa sekondari wa vijiji vya kandokando ya hori na msitu. Mpango huo ulianza mwaka 2001, na waliouanzisha ni A Rocha, shirika la Kikristo lililozaliwa Ureno mwaka 1983. Nao hawafichi: husema wazi kwamba wanalinda viumbe kwa sababu ya imani yao. Nawapongeza, na wala sina kijicho. Ila niliposimama kwenye daraja lile niliona haya. Watu wametoka mbali wakaja kutuonyesha kwamba kumwamini Muumba kunampasa mtu alinde alichokiumba, nasi hilo tumefundishwa tangu ubao wa kwanza, tunajua hata kwamba katika haram ya Madina Mtume alikataza mti kukatwa na mnyama kuwindwa.

Si kwamba Waislamu wa pwani hii hawajajaribu. Maji yalipoanza kurudi na sisi kungoja mtumbwi uelee, nilimsimulia ami habari za kisiwa kingine, Misali, magharibi ya Pemba, mbele ya Chake Chake. Ni kisiwa kisichotimia kilomita mraba moja, hakina wakaazi wa kudumu, ila wavuvi hupiga dago humo. Husimuliwa kwamba Nabii Khidhri alifika pale akawaomba wavuvi msala wa kusalia, hawakuwa nao, akasema basi kisiwa hiki, kilichochongoka kuelekea kibla, ndicho kitakachokuwa msala wangu. Ndipo kikaitwa Misali. Katika miaka ya 1990 palikuwa na azma ya kujenga hoteli humo, wavuvi wakaipinga, na mwaka 1998 Serikali ya Zanzibar ikakitangaza kuwa eneo la hifadhi, wavuvi wenyewe wakiwa na chama chao katika uangalizi wake. Katika miaka iliyofuata wakaitwa maimamu na walimu wa madrasa, wakashirikiana na Fazlun Khalid wa taasisi ya Kiislamu ya mazingira iliyoko Uingereza, na habari za matumbawe, kasa na nyavu za macho madogo zikaanza kuelezwa kwa aya na hadithi, kwa lugha ambayo mvuvi aliifahamu.

Sisemi kwamba Misali ikawa pepo. Mvuvi mwenye njaa ni mwenye njaa hata baada ya khutba. Lakini linganisha mwenyewe, msomaji: kule kisiwa kiliingia msikitini, huku tuliona boya.

Ami alisikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja tu, kama msala ule unaelekea kaskazini sawasawa. Nikamwambia ndiyo, karibu sawasawa. Akatikisa kichwa kwa kuridhika, kisha akatuonyesha kidole: maji yanayopanda yalikuwa yakiwasukuma ndege kutoka mchangani, safu baada ya safu, nao wakija upande wetu, kila wimbi linapowafika miguuni wanapiga hatua mbili tatu, mpaka wakawa karibu kiasi cha kuwasikia wakiitana. Saa kumi kasoro tulikuwa tungali tumesimama, mtumbwi unaelea, na hakuna aliyesema tuondoke.

Nimekwenda kwa mwalimu wa chuo kimoja hapa Malindi, nikamwomba awapeleke watoto Kirepwe. Alifikiri, akaniuliza kama siku hiyo itahesabiwa ya mchezo au ya darasa. Nikamwambia ya darasa, tena la tafsiri. Akakubali. Watoto ni kumi na wanane na mjukuu wangu wa kumi na tisa; mitumbwi ni mitatu, na maboya ya kuvaa kijana wetu ameahidi kuyaazima. Nauli wazazi wamechanga nusu, nusu natafuta. Inatakiwa bamvua la mchana, na iwe kabla ndege hawajarudi kwao, kwa hiyo tunaangalia mwezi.

Ami ana dada yake Faza, mkubwa kumshinda, ambaye bado ana akili timamu na huenda analikumbuka lile jina. Amempigia simu mara mbili, mtandao ukamwangusha. Kama yuko msomaji wa Faza, Kizingitini, Siyu au kwingineko, ambaye mzee wake alimwita kwa jina ndege huyu mweupe mwenye mabawa meusi na mdomo wa koleo, alaye kaa na kuja na kaskazi, namwomba aniandikie kwa anwani ya gazeti hili. Watoto wataniuliza mtumbwini, na nataka niwe nalo.